Norton Manx, Matchless G50 au BSA Gold Star: uchukue ipi?

Mdogo wangu anaishi Coventry. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, baada ya zamu yake. "Shikamoo kaka. Ile hela niliyokuwa naweka imetimia. Sasa niambie, nichukue Manx, G50 au Gold Star?" Nikaitikia marahaba, nikamwomba anipe siku mbili. Najua ameweka akiba miaka mingapi, na swali la namna hiyo sikutaka kulijibu kwa haraka. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya yeyote mwingine anayezitamani pikipiki za mbio za Uingereza na hajui aanzie wapi.

Zote tatu ni ndugu. Kila moja ina pistoni moja kubwa, injini isiyofika cc 500, gia nne na kabureta ya Amal, na zote ziliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiziona zimepangwa mstari mmoja zinafanana: tanki refu, hendo fupi za chini zilizobana kwenye foku, kiti kimoja chenye nundu nyuma. Lakini ukiishi nazo utakuta kila moja ina matakwa yake, na anayechukua moja kwa kudhani ni sawa na mwenzake hujuta.

Kwanza nieleze kwa nini watu bado wanazililia. Katika miaka ya 1950 Waitaliano wa Gilera na MV Agusta walikuwa na injini za silinda nne zenye nguvu kuliko chochote kilichotoka Uingereza. Waingereza wakabaki na pistoni yao moja. Kwenye barabara iliyonyooka waliachwa, kisha wakaja kuwakamata wenzao kwenye kona, kwa sababu pikipiki zao zilikuwa nyepesi, nyembamba na zimetulia barabarani. Mvuto wote umelala hapo. Hizi ni mashine zilizoshindana kwa fremu, kwa breki na kwa ujasiri wa kijana aliyejinunulia mwenyewe, akaisafirisha kwenye gari dogo la mizigo na kuifungua injini mwenyewe usiku kabla ya mbio. Kwa hiyo unapochagua, usianze na kuuliza ipi ina nguvu nyingi za farasi. Uliza ipi utaweza kuiendesha na kuitunza kwa mikono yako.

Manx: fremu iliyobadilisha kila kitu

Norton ilianzishwa na James Lansdowne Norton mwaka 1898 mjini Birmingham, na karakana yake iliyopendwa ilikuwa mtaa wa Bracebridge. Mbio za barabarani za Kisiwa cha Man, zinazoitwa TT (Tourist Trophy), zilipoanza mwaka 1907, Rem Fowler alishinda daraja la silinda mbili akiwa juu ya Norton yenye injini ya Peugeot. Mshindi wa daraja la silinda moja siku hiyo alikuwa Charlie Collier, juu ya Matchless iliyotengenezwa na familia yake. Yaani majina mawili kati ya haya tunayoyalinganisha yalishinda tangu siku ya kwanza kabisa.

Injini ya Manx ina asili ya mwaka 1927, Norton ilipoanza kuweka kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda, na Arthur Carroll akaisuka upya mwaka 1930. Upande wa kulia utaona bomba limesimama wima kutoka chini hadi juu. Ndani yake mna shafti yenye gia za meno huku na huku, na kazi yake ni kuzungusha kamshafti. Baadaye kamshafti zikawa mbili. Ni kazi ya sonara. Fundi akitaka nafasi kati ya meno iwe sawasawa, huweka vibati vyembamba, anafunga, anapima, anafungua, anaweka kingine. Usiku mzima unaweza kuishia hapo.

Lakini injini peke yake isingeifanya Manx kuwa Manx. Rex McCandless wa Belfast alikuja na fremu mpya iliyoingia mbioni mwaka 1950. Kila upande una bomba moja linalotoka kwenye kichwa cha usukani, likapita juu ya injini, likashuka nyuma, likarudi chini ya injini na kupanda mbele, na mabomba yanapofika kichwani yanapishana. Yametengenezwa kwa chuma cha Reynolds 531 na kuunganishwa kwa shaba. Harold Daniell, mmoja wa madereva wa Norton, alipoijaribu alisema ni kama kulala kwenye godoro la manyoya, na jina la Featherbed likabaki hapo hadi leo. Mwaka huohuo wa 1950 Norton ilichukua nafasi tatu za kwanza katika TT ya wakubwa, yaani ya cc 500, na pia ile ya wadogo, ya cc 350. Mwaka 1951 Geoff Duke akawa bingwa wa dunia wa cc 500 na cc 350 kwa pamoja, na mwaka huo ndipo mnunuzi wa kawaida alipoanza kuuziwa Manx yenye fremu hiyo.

Sisi wa Afrika tuna sehemu yetu kwenye hadithi hii. Ray Amm, mzaliwa wa Salisbury ambayo leo ni Harare, alishinda TT zote mbili, ya wakubwa na ya wadogo, mwaka 1953 akiwa dereva wa Norton, akarudia ya wakubwa mwaka 1954. Zilikuwa pikipiki maalumu za kiwanda, si zile za kununuliwa dukani, lakini ukoo ni uleule.

Baada ya 1954 kiwanda kiliacha kupeleka timu kamili, na Manx ikabaki mikononi mwa watu binafsi. Hapo ndipo ilipojijengea heshima ambayo hakuna pesa ya kiwanda ingeweza kuinunua. Mwaka 1960 Derek Minter akawa wa kwanza kuzunguka barabara ya TT, kilomita 60 na ushei za milima na vijiji, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa akiwa na silinda moja. Mwaka 1961 Mike Hailwood akashinda TT ya wakubwa juu ya Manx. Na mwaka 1969, miaka kadhaa baada ya Manx ya mwisho kutengenezwa, Godfrey Nash alishinda mbio za ubingwa wa dunia za Yugoslavia, pale Opatija, kwa Manx. Hakuna Norton nyingine ya silinda moja iliyoshinda mbio za cc 500 za ubingwa wa dunia baada ya hapo.

Ukiikalia utaelewa. Uzito wake ni karibu kilo 140, injini inatoa farasi 50 na kitu, na inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa ikipewa barabara. Ila kinachokushika moyo ni kona. Unailaza, inabaki pale ulipoilaza, haitikisiki wala haikuulizi maswali. Nimewahi kuendesha pikipiki mpya zenye nguvu mara tatu ya hiyo, na sijapata utulivu ule.

Gharama yake ya moyo nayo ipo. Springi za valvu ziko nje, hazikufunikwa, na mafuta yanatoka humo. Ukirudi kutoka mzunguko wa uwanja, goti na buti la kulia vimeloa. Haina kiki. Haina taa. Haina namna ya kutulia kwenye foleni. Ni ya uwanjani tu, na atakayekuuzia kwa kukwambia utaiandikisha uende nayo kazini anakudanganya.

G50: ile ambayo mafundi huipenda

Matchless ilitoka Plumstead, kusini-mashariki mwa London. Mwaka 1931 iliinunua AJS ya ndugu wa Stevens kutoka Wolverhampton, na kampuni iliyozaliwa baadaye ikaitwa AMC. Mwaka 1948 wakatoa AJS 7R ya cc 350, rangi nyeusi yenye michirizi ya dhahabu na vifuniko vya injini vya magnesiamu vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Phil Walker ndiye aliyeibuni, na kuanzia mwaka 1954 Jack Williams akaendelea kuinoa mwaka hadi mwaka. Vijana wengi waliianzia hiyo kabla ya kupanda daraja, na hata leo, mtu asiye na haraka ya cc 500 akipata 7R safi asiiache ipite.

G50 ni 7R iliyokua. Iliingia mwaka 1958 ikiwa na cc 496, kipenyo cha silinda milimita 90 na mwendo wa pistoni milimita 78, ikitoa farasi 51 kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika. Ni nyepesi kuliko Manx kwa kilo kadhaa, na tofauti hiyo unaihisi unapotoka kwenye kona na kufungua mafuta. Kwenye mnyooko mrefu Manx iliyotengenezwa vizuri itakuacha kidogo. Kwenye uwanja mfupi wenye kona nyingi, ningependa niwe juu ya G50.

Mahali ambapo Norton ilitumia shafti na gia za meno na kamshafti mbili, AMC waliweka cheni moja na kamshafti moja. Basi. Fundi wa kawaida mwenye akili timamu, ambaye amewahi kufunga cheni ya taimingi ya injini nyingine yoyote, ataielewa ndani ya saa moja. Mimi nimeona injini ya G50 imefunguliwa kichwa uwanjani kati ya mbio mbili za siku moja, kwenye turubai, na mtu na mwanawe, nayo ikarudi mbioni alasiri. Sijaona mtu akithubutu hivyo na kamshafti za Manx.

Haikushinda TT ya wakubwa, na kwa sababu hiyo jina lake liko chini ya Manx kwa wasiojua. Wanaojua wanakumbuka kwamba mwaka 1968 Jack Findlay wa Australia alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa cc 500 kwa injini ya Matchless, nyuma ya Giacomo Agostini na MV yake tu. Wanakumbuka pia Peter Williams, mtoto wa yule Jack Williams, aliyemaliza wa pili katika TT ya wakubwa mwaka 1970, 1971 na tena 1973, miaka kumi baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza. Pikipiki yake ilikuwa na rimu za magnesiamu za kumimina badala ya spoku. Wakati ule watu waliishangaa, leo pikipiki za mbio za lami hazitumii tena spoku.

AMC ilipofilisika mwaka 1966, Colin Seeley, ambaye naye alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki zenye kigari cha pembeni, alinunua vifaa na haki za idara ya mbio. Akaifungia injini ya G50 fremu yake mwenyewe, nyepesi na ngumu zaidi. Kama unaona mtu anakimbia leo na kitu kinachoitwa Seeley, moyo wake ni huu huu.

Shida kubwa ni uchache. G50 za kiwandani zilitengenezwa takriban 180 tu. Na ile magnesiamu nzuri huzeeka vibaya: inaliwa na unyevu, inatoboka, inapasuka pembezoni mwa bolti. Ukikuta injini ya asili, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi uangalie sehemu za chini ambazo muuzaji hakuzipaka rangi.

Gold Star: ya mbio inayorudi nyumbani

Wazee wetu wengi walilijua jina BSA kabla ya kujua pikipiki, kwa sababu ya baiskeli. Kirefu chake ni kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, iliyoundwa na mafundi bunduki mwaka 1861, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Kiwanda kilikuwa Small Heath.

BSA ilijaribu TT mwaka 1921 kwa pikipiki maalumu na zote zikaharibika njiani. Baada ya fedheha hiyo wakubwa wa kampuni hawakutaka tena kusikia habari za mbio kubwa. Wakauza pikipiki imara za watu wa kawaida. Kisha tarehe 30 Juni 1937 Wal Handley akaichukua BSA Empire Star hadi uwanja wa Brooklands, akazunguka kwa zaidi ya maili 107 kwa saa, yaani karibu kilomita 173. Kila aliyezunguka pale mbioni kwa zaidi ya maili 100 alipewa beji ndogo ya nyota ya dhahabu. Mwaka uliofuata BSA wakatoa pikipiki yenye jina hilo, na jina halikufa tena.

Baada ya vita ilirudi ikiwa na cc 350 kwanza, kisha 500. Mnunuzi alijaza fomu kama anayeshonewa suti: nataka ya safari, nataka ya kupanda mawe, nataka ya matope, nataka ya mbio za lami. Injini ilifungwa kwa mkono na kupimwa nguvu, na karatasi ya vipimo ikaja na pikipiki. Kwenye mbio za TT za wanachama wa vilabu, zilizokuwa za pikipiki za dukani, BSA haikukosa ushindi wa daraja la 350 kuanzia 1949 hadi 1956. Mwaka huo wa mwisho Bernard Codd alishinda madaraja yote mawili. Watu walilalamika kwamba mbio zimegeuka za kampuni moja.

Ile inayotafutwa zaidi ni DBD34 ya cc 499, iliyotoka mwaka 1956 na kudumu mpaka 1963. Ina kabureta kubwa ya Amal GP, gia za kwanza hadi nne zilizokaribiana, na breki ya mbele ya milimita 190. Valvu zake zinasukumwa na vijiti virefu kutoka chini, teknolojia ya kawaida kabisa, na kwa hiyo haiwezi kuifikia Manx wala G50 kwenye mizunguko ya juu. Inatoa karibu farasi 40 na ni nzito zaidi. Ukiziweka uwanjani pamoja, Gold Star itaachwa. Hilo halina ubishi.

Lakini ina namba ya barabarani, ina taa, ina kiki. Jumapili asubuhi unaitoa uani, unakwenda kijijini kunywa chai, unarudi. Ndivyo walivyofanya vijana wa London wa miaka ya 1950 waliokusanyika Ace Cafe kwenye barabara ya North Circular, na kwao hii ndiyo ilikuwa mbio yenyewe.

Usidhani ni mpole. Gia ya kwanza ni ndefu kiasi kwamba inafika karibu kilomita 95 kwa saa kabla hujaweka ya pili, hivyo mjini unateleza na klachi kwenye kila taa, na mkono wa kushoto unauma. Kabureta ile haina mzunguko wa chini wa kueleweka. Ukisimama lazima uichezee mafuta isizime. Kuiwasha ni ibada. Unarudisha nyuma moto wa magneto, kile kifaa kinachotoa cheche, kwa wenzo mdogo kwenye usukani, unabonyeza pini ya kabureta mpaka petroli ichuruzike, unakanyaga kiki taratibu hadi uhisi pistoni imegota, unaipitisha kidogo tu, kisha unashuka na uzito wako wote bila woga. Ukisita, itakurudishia mguu. Ikishawaka, ukiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi yake inalia kwa sauti nyembamba ya kukatikakatika, kama ndege wengi mtini. Hakuna pikipiki nyingine ninayoijua inayotoa sauti ile. Nikiisikia barabara ya pili najua ni Gold Star bila kuiona.

Sasa onyo, na hili naliandika kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza rafiki kwenda kuangalia Gold Star kwa muuzaji mmoja. Tanki la kromiamu linang'aa, beji ya duara nyekundu ipo, injini imechongwa DBD34. Bei ilikuwa ya Gold Star kamili. Nikalala chini sakafuni na tochi. Fremu ya kweli ya Gold Star ina bonde kwenye bomba la chini upande wa kulia, limebonyezwa ili pampu ya mafuta ipate nafasi. Bomba lile lilikuwa limenyooka kama rula. Fremu ilikuwa ya BSA ya kawaida ya cc 350, ndugu maskini, na iliyobaki ilikuwa nguo ya kuazima. Nilipomwonyesha muuzaji alinyamaza, kisha akasema hata yeye aliuziwa hivyo. Inawezekana. Tuliondoka bila kununua. Namba ya injini na ya fremu kwenye Gold Star hazikutoka kiwandani zikiwa sawa, na wauzaji hujificha hapo. Kwa DBD34 fremu huanzia na CB32, na kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha injini ipi ilitoka na fremu ipi. Dai karatasi hiyo kabla hujafungua pochi.

Nyonyo, petroli na nakala mpya

Kuna mambo yanayozihusu zote. La kwanza ni mafuta ya injini. Wengi uwanjani bado wanatumia yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mbarika, yaani nyonyo yenyewe, ile tunayopakwa nywele utotoni. Inalainisha vizuri sana kwenye joto kali, na ikiungua inatoa harufu tamu nzito. Mara ya kwanza niliyosimama kwenye uwanja wa mbio za pikipiki za zamani, moshi ule uliponifikia nilimkumbuka bibi kabla sijakumbuka pikipiki yoyote. Lakini nyonyo haichanganyiki na mafuta ya madini, na ikiachwa ndani ya injini miezi mingi hugeuka gundi. Muulize muuzaji anatumia ipi, na kama hajui, mwambie afungue mfuniko unuse.

La pili, matanki ya faiba. Petroli ya Uingereza ya leo ina ethanoli, na tangu 2021 ile ya kawaida ina hadi asilimia 10. Ethanoli inayeyusha faiba za zamani, ute wake unaingia kwenye kabureta na valvu. Tanki la alumini lina thamani yake.

La tatu, nakala. Manx na G50 zinachongwa upya leo na mafundi wa Uingereza, injini nzima na fremu nzima, kwa vyuma bora kuliko vile vya 1960. Wapo wanaozidharau. Mimi sizidharau hata kidogo. Aliyedhamiria kukimbia kweli namshauri anunue nakala na aiache ile ya asili kwa mtu wa kuitunza, maana kuivunja injini ya 1961 kwa ajili ya nafasi ya saba ni huzuni isiyo na sababu. Ila nakala iuzwe kama nakala.

Kuna aliyeniuliza mbona Velocette Thruxton sikuitaja. Ni pikipiki nzuri, ya cc 499, ya mwaka 1965 hadi 1971, na mtu mpole anayetaka safari ndefu ataipenda. Lakini hiyo ni ya barabarani iliyonolewa kwa ajili ya mbio za pikipiki za dukani, na mdogo wangu hakuiuliza.

Basi, ipi?

Kwa bei, Manx ya asili na G50 ya asili ziko juu sana, G50 kwa uchache wake na Manx kwa jina lake. Gold Star ya kweli iko chini ya hizo kwa mbali, ingawa si rahisi. Kwa kuwa ina zaidi ya miaka 40, ikishaandikishwa kama chombo cha kihistoria haidaiwi kodi ya barabara Uingereza, na kama haijabadilishwa sana hailazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka.

Mwenye karakana, mwenye gari la kubebea, mwenye siku za kwenda uwanjani na anayetaka kujua kwa nini watu walisema fremu inaweza kuishinda injini, achukue Manx. Awe tayari kusukuma. Unaweka gia, unairudisha nyuma mpaka igote kwenye mgandamizo, unashika klachi, unakimbia nayo hatua sita saba, unaruka ukakaa kiubavu na kuachia klachi kwa pamoja. Vijana wetu wa bodaboda wanaijua hii wakiwa na betri iliyokufa, tofauti ni kwamba hapa ndiyo njia ya kawaida, si ya dharura.

Anayetaka kushindana na kufungua injini yake mwenyewe bila kumtegemea mtaalamu wa mbali, achukue G50 au Seeley, hata iwe nakala. Ningekuwa na miaka 30, mimi ningekuwa hapo.

Mdogo wangu hana gari la kubebea. Anaishi nyumba ya mstari yenye uwanja mdogo nyuma, anafanya kazi siku sita, na Jumapili ndiyo yake. Manx ingekaa ndani ikifunikwa shuka, angeifuta vumbi na kuwaonyesha wageni. Nimemwambia achukue Gold Star, ya 1956 kuja juu, na asiwe na haraka. Alinyamaza kwenye simu, najua moyo wake ulikuwa kwenye lile tanki la fedha la Norton. Kisha akasema, "Sawa kaka. Ipo moja karibu na Leicester, Jumamosi."

Nitapanda treni ya asubuhi. Yeye atabeba hela, mimi nitabeba tochi, na kabla hajaikalia nitalala chini upande wa kulia nilitafute lile bonde.